Mama, mboga hii imepuliziwa lini?

Mazungumzo na vikundi vya wakulima na wauza mboga, pamoja na wafuga nyuki, Tabora Mjini. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Wadogo zangu mliobanana pale mlangoni, hamjambo. Naona na kina mama wa sokoni mmekuja na vikapu vyenu, maana yake mmeacha biashara ili mnisikilize. Nawashukuru sana.

Nimeombwa nizungumzie chakula cha kilimo hai na kile kinacholimwa kwa mbolea za dukani na dawa. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Mama, tuambie kipi ni bora, maana watu wanagombana." Nitasema. Ila sitaanzia kwenye sahani. Nitaanzia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Baba yangu alilima tumbaku kule Urambo. Wengi humu ndani ni watoto wa tumbaku kama mimi. Ada, bati, baiskeli, vyote vilitoka kwenye jani lile, na sitaki kulitukana leo. Baba alikuwa na bomba la kupulizia la kubeba mgongoni. Mpira wa kifuniko chake ulikuwa umekatika, akauziba kwa kipande cha mfuko wa nailoni, lakini kila alipoinama dawa ilimchuruzika kuanzia shingoni hadi kiunoni. Jioni akifika alivua shati na kulitupa kwenye beseni. Mama alilifua kwa mikono, mdogo wangu akiwa mgongoni. Kila msimu, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, ngozi ya mama katikati ya vidole ilibanduka na kuwasha hata akashindwa kusonga ugali. Kisha msimu ukiisha, anapona. Sisi tulisema ni sabuni. Tukabadilisha sabuni.

Dawa ilipobaki baba aliifunga kwa kitambaa na kuipandisha darini. Na sisi watoto tulikuwa na kijibustani cha nyanya nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipopanda darini, nikakoroga dawa ile ya tumbaku kwa kipimo cha kifuniko, nikapulizia nyanya siku ya Ijumaa. Jumapili tulikula kachumbari yake, na zilizobaki nilipeleka gulioni. Nilizipanga mafungu mafungu, zinang'aa, nikauza zote. Sijui alinunua nani. Nimekuwa afisa ugani miaka mingi baada ya hapo, nimestaafu, na bado huwa nawakumbuka watu nisiowajua ambao niliwauzia nyanya zile.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi bora, nami humuuliza, bora kwa nani? Kwa anayekula, kwa anayepulizia, au kwa ardhi? Majibu hayafanani.

Tuanze na anayekula, kwa sababu ndiye anayetajwa zaidi. Watu wanaamini chakula cha kilimo hai kina vitamini nyingi. Wanasayansi wamelipima jambo hili mara nyingi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya tafiti zaidi ya 200 na wakasema hawaoni ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho vingi kuliko kingine. Miaka miwili baadaye watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walipitia tafiti 343 wakaona tofauti fulani: mazao ya kilimo hai yalikuwa na viambata kinga vingi zaidi, yalikuwa na kadimi kidogo, ambayo ni madini yenye sumu, na mazao yale mengine yalikutwa na mabaki ya viuatilifu, yaani hizi dawa za kupulizia mashambani, mara nne zaidi. Sikilizeni vizuri hapo: mara nne zaidi. Sijasema kwamba ya kilimo hai hayana mabaki kabisa. Upepo unapuliza, maji yanatiririka, jirani ana bomba lake.

Na saratani? Ufaransa, mwaka 2018, walitoa matokeo ya kufuatilia watu 68,946. Waliokula zaidi vyakula vya kilimo hai walipata saratani pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliokula kidogo kabisa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini Uingereza walikuwa wamefuatilia wanawake 623,080 kwa miaka kama tisa, wakatoa matokeo mwaka 2014, na hawakuona saratani kupungua kwa ujumla. Na hata wale wa Ufaransa, anayenunua chakula hicho kwa kawaida ana kipato kizuri, anafanya mazoezi, havuti sigara, anakula mboga na matunda kwa wingi. Watafiti hujitahidi kuyachuja hayo yote kwenye hesabu zao, lakini hayachujiki yote.

Kwa hiyo kina mama, ninawaomba kitu kimoja. Msiache kumpikia mtoto mchicha kwa sababu mmesikia una dawa. Mtoto asiyekula mboga kabisa ana hatari ya hakika, ya leo, ya upungufu wa damu na wa vitamini A. Mboga iliyolimwa kwa namna yoyote, ikioshwa vizuri kwa maji mengi yanayomiminika, ni bora kuliko kukosa mboga. Kuosha kunatoa dawa iliyokaa juu ya jani. Haitoi ile inayonywewa na mmea ikazunguka kwenye utomvu wake, na dawa nyingi za siku hizi ni za namna hiyo.

Sasa nije kwa anayepulizia. Hapa sina cha kusitasita. Mwaka 2020 watafiti walichapisha makadirio kwamba kila mwaka duniani kunatokea matukio karibu milioni 385 ya watu kudhurika na viuatilifu bila kukusudia, na vifo kama 11,000. Si watu wa mezani hao. Ni wakulima na vibarua wa mashambani. Ni baba na bomba lake lililotoboka. Ni mama na beseni. Tofauti ya kilimo hai na kilimo cha dawa, kwenye sahani, unaitafuta kwa mashine za maabara. Kwenye mwili wa anayepulizia unaiona kwa macho: kichwa kinauma usiku ule ule, macho yanawasha, mate yanajaa mdomoni, mikono inatetemeka. Anakunywa maziwa, analala, asubuhi anarudi shambani.

Lugha yetu nayo imetuponza kidogo. Tunaiita "dawa". Dawa ni kitu cha kuponya, unampa mtoto kwa kijiko. Mtu akisikia dawa, ana haja gani ya kuogopa? Kopo lina utepe wa rangi pale chini, na rangi ile inasema jambo kwa asiyejua hata kusoma: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Nimewauliza wakulima wengi maana ya rangi zile. Wengi walidhani ni urembo wa kampuni.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila cha dukani ni sumu. Watu wanatupa mbolea na viuatilifu kwenye kapu moja, wanasema "kemikali", basi. Tuvitenganishe. Viwango vya kilimo hai vinakataza vyote viwili, ni kweli, mbolea za viwandani na dawa za viwandani. Lakini kwa mlaji na kwa mpuliziaji, yurea, ambayo ni mbolea, na dawa ya kuua wadudu ni vitu viwili mbali kabisa. Mzizi wa hindi hunywa nitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Nitreti iliyotoka kwenye samadi na ile iliyotoka kwenye mfuko, mzizi hauzitofautishi.

Na ardhi yetu ya Tabora mnaijua. Ni mchanga. Mvua moja kubwa, rutuba imekwenda chini. Hebu tufanye hesabu pamoja. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi ya ng'ombe iliyokauka, ikiwa nzuri, imetunzwa kivulini, ina naitrojeni kama asilimia 1. Ile iliyolala nje ya zizi ikapigwa jua na kunyeshewa ina pungufu ya hapo. Ili upate kilo 23 zile, unahitaji kilo 2,300 za samadi. Mfuko wa yurea unaubeba kwenye baiskeli. Kilo 2,300 ni mikokoteni mingapi ya ng'ombe? Na ng'ombe wenyewe ni wa nani? Mama mjane mwenye ekari mbili za mahindi na mbuzi watatu, ukimwambia aache mbolea ya mfuko kesho asubuhi, umemwambia apunguze gunia. Mimi siwezi kumwambia hivyo.

Sri Lanka walijaribu. Aprili 2021 serikali yao ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani nchi nzima, ghafla. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikaanguka, wakulima wakaandamana, na kufika Novemba mwaka ule ule marufuku ililegezwa. Wapo wanaotumia habari hiyo kusema kilimo hai hakiwezekani. Mimi naisoma tofauti. Udongo uliozoea mfuko kwa miaka mingi hauwezi kunyang'anywa mfuko kwa msimu mmoja. Hata soko la Ulaya, kabla ya kukubali shamba la mazao ya msimu kuwa la kilimo hai, linataka likae miaka 2 ya mpito, na mazao ya kudumu kama kahawa miaka 3.

Samadi ina kazi ambayo mfuko hauwezi. Inaushika mchanga wetu ukaweza kutunza maji. Inalisha nyungunyungu na viumbe vidogo vya udongoni. Haimalizi yote msimu mmoja; mwaka unaofuata bado inatoa. Pale Tumbi, kwenye kituo chetu cha utafiti, wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuchanganya miti na mazao, miti inayoleta naitrojeni kutoka hewani, kama glirisidia. Wazee wetu walizungusha karanga, kunde na choroko na mahindi kabla ya kituo chochote kuwepo. Kwenye mahindi, msimamo wangu ni huu: samadi na mikunde kwanza, mfuko ujazie pale palipopungua. Cheti cha kilimo hai hutapata kwa njia hiyo. Utapata ugali, na shamba halitachoka.

Kwenye mboga za majani msimamo wangu unabadilika kabisa, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndilo jambo lililonileta.

Chukua kopo lolote la dawa, soma lebo. Utakuta imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Siku hizo zimepimwa. Ni muda wa dawa kuvunjika hadi ibaki kiasi ambacho mlaji hadhuriki nacho. Sasa mchicha, tangu kusia hadi kung'oa, ni wiki tatu au nne. Ukipulizia dawa ya siku 14, nusu ya maisha ya mchicha ni ya kusubiri. Matembele je? Chainizi je? Figiri, mnavu, majani ya maboga? Hizo hung'oi, unachuma. Unachuma Jumatatu, unachuma Alhamisi, unachuma Jumapili. Mboga inayochumwa kila siku ya tatu haiwezi kungoja siku 14. Haiwezekani. Mkulima anayepulizia chainizi dawa ya siku 14 amekwisha kuivunja lebo kabla hajafungua kopo, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu Alhamisi mteja atakuja na mtoto anataka daftari.

Mahindi yanapuliziwa dawa ya kiwavijeshi yakiwa magotini, yanavunwa miezi mingi baadaye, tena yana maganda, yanakobolewa. Jani la chainizi lililopuliziwa jana ndilo lenyewe linaloingia sufuriani. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuanza kilimo hai hapa Tabora, si kwenye mahindi wala mpunga. Ni kwenye tuta la mboga. Tuta ni dogo. Samadi ya mbuzi watatu inalitosha. Wadudu wake unaweza kuwaona na kuwatoa kwa mkono alfajiri. Na mboga zetu za asili, mlenda, mgagani, kunde, ni ngumu zenyewe, hazibembelezwi. Nsansa yetu ile ya majani ya kunde yaliyoanikwa imekuwa kilimo hai tangu enzi za mabibi zetu, hakuna aliyeipa jina.

Nyanya ni kazi nyingine. Siwezi kuwadanganya. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, mdudu yule anayechimba njia ndani ya jani hadi nyanya nzima, watu wamechanganyikiwa. Nimeona mtu akichanganya dawa tatu kwenye bomba moja, anapulizia mara mbili kwa wiki, na kantangaze anazidi. Anazidi kwa sababu waliokufa ni dhaifu, waliobaki wamezoea, na wadudu wema waliokuwa wanamla wamekufa wote. Hapo kuna kung'oa na kuchoma masalia yote, kuzungusha mazao usirudie nyanya baada ya nyanya wala bilinganya, kutumia mitego na vyandarua kwenye kitalu. Wapo walioshindwa hata baada ya hayo. Ukilazimika kupulizia nyanya, pulizia kwa lebo na ungoje siku zake. Na ninyi wauzaji, ile vumbi nyeupe iliyoganda kwenye kikonyo cha nyanya, ambayo wateja wengine wanadhani ni ushahidi kwamba nyanya itadumu, ni dawa ya ukungu. Mara nyingi ni mankozebu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutohuisha kibali chake kwa mashamba yao. Ifuteni na kuiosha kabla ya kupanga mafungu.

Sasa niwaambie na watu wa upande wangu, wapenda asili. Kila cha asili si salama. Hapa kwetu kuna desturi ya kuloweka majani ya tumbaku na kupulizia maji yake kwenye mboga, mtu anajisifu kwamba halimi kwa kemikali. Ndugu yangu, nikotini ni moja ya sumu kali, inapita kwenye ngozi. Ndiyo maana wavunaji wa tumbaku mbichi asubuhi yenye umande hutapika na kupata kizunguzungu. Viwango vya kilimo hai vyenyewe vinaikataa. Tena tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na kirusi cha batobato kinachokaa kwenye jani la tumbaku kinahamia kwenye nyanya zako. Umeua vidukari, umepanda ugonjwa.

Samadi mbichi nayo. Ukiimwaga juu ya mchicha unaotaka kuvuna wiki hii umemwagia vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Iundikwe, igeuzwe, ipate moto mpaka ikiiva inanukia udongo. Na karanga na mahindi yaliyolimwa bila tone la dawa, yakivunwa na unyevu na kufungwa kwenye gunia, yanaota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Iliwaua sumu iliyootea ghalani.

Wafuga nyuki, nimewaacha mwisho, si kwa kuwasahau. Ninyi ndio mnaouza chakula cha kilimo hai cha zamani kuliko vyote katika mkoa huu, na nadhani ndio mlio hatarini zaidi. Asali ya Tabora inapendwa kwa sababu ya miombo. Nyuki anachukua chavua kwenye miti ya porini, mitundu na miyombo, ambayo hakuna aliyeipulizia. Soko la Ulaya, ili liite asali ya kilimo hai, linataka kilomita 3 kuzunguka mzinga pawe na mimea ya porini au mazao yaliyolimwa kwa njia hiyo. Kilomita 3 kila upande! Simama kwenye mizinga yako uangalie. Zamani ulikuwa unaona msitu tu. Leo unaona shamba la tumbaku, na msitu uliokuwa hapo umekwenda kwenye mabani kukaushia tumbaku ile ile. Na dawa ya imidakloprid inayotumika kwenye tumbaku ni mojawapo ya tatu ambazo Umoja wa Ulaya ulizikataza mashambani mwaka 2018, zibaki kwenye vibanda vilivyofungwa tu, kwa sababu ya nyuki. Sasa mzee anayening'iniza mzinga wa gome kwenye mtundu, hajawahi kushika bomba maisha yake yote, anaweza kukosa soko kwa bomba la jirani. Nendeni kwa majirani zenu. Waombeni wapulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi, wasipulizie shamba likiwa na maua, na wawaambie siku moja kabla. Wengine watakubali. Nimeliona likifanyika.

Mama mmoja ameniuliza nje, kabla hatujaanza: "Nikilima bila dawa, nani atanilipa zaidi?" Swali zuri. Nchi yetu ina alama. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Huhitaji kumleta mkaguzi wa Ulaya kwa fedha ya kutisha. Kuna utaratibu wa uhakiki shirikishi, ambapo wanakikundi wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, shamba kwa shamba, wanaandika, na anayekiuka anatolewa. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Kwa hiyo njia ipo. Lakini sitakuahidi kwamba kesho soko kuu watakulipa mara mbili. Mteja wa Tabora anapima fungu kwa ukubwa.

Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona kwenye bustani yangu. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa watano, kina mama wenye watoto wachanga. Walikuja kwa sababu waliniuliza swali moja, "Mama, mboga hii imepuliziwa lini?" nikaweza kuwajibu, kisha nikawaonyesha tuta lenyewe na matundu ya wadudu kwenye majani. Leo wananiwekea oda kwa simu. Bei yangu ni ile ile ya sokoni. Nilichoongeza ni kwamba mboga yangu hailali. Na ninyi wanunuzi mliomo humu, swali lile liulizeni, kila siku, kwa kila muuzaji, kwa upole. Muuzaji akiulizwa mara kumi kwa siku, atakwenda kumuuliza mkulima. Mkulima akiulizwa, atasoma lebo.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nimalizie la mikono.

Jumamosi saa mbili asubuhi nawakaribisha bustanini kwangu. Tutageuza mboji iliyofikisha wiki sita, muone ndani ilivyo. Kisha tutatengeneza dawa ya mwarobaini. Mji huu umejaa miarobaini, mbegu zinaliwa na popo na kukanyagwa na pikipiki. Okoteni, osheni nyama yake, zikausheni kivulini, si juani. Tutabangua, tutatwanga nusu kilo ya viini, tutaloweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, tutachuja kwa kitambaa, tutatia sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Inapuliziwa jioni, maana jua linaivunja haraka. Haiui papo hapo kama mlivyozoea. Mdudu anaacha kula, anashindwa kukua. Mtangoja siku mbili tatu, msikate tamaa.

Kila mmoja aje na ndoo na glavu. Asiye na glavu aje na mifuko miwili ya nailoni. Na mwenye bomba linalovuja, liwe la tumbaku, liwe la nyanya, aje nalo hata kama hataki habari za kilimo hai. Nimemwita fundi. Atakuwa na mipira ya vifuniko.